Damu Ambayo Haikuwa Kichocho

Jumapili, mvua za kwanza.

Imenyesha tangu alfajiri, na paa la nyasi tulilosaidiwa kuezeka tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa halijavuja hata tone. Nimekaa mlangoni na daftari magotini. Nina furaha mpaka naona aibu kuiandika.

Daftari langu, kuna jambo nilikuficha. Miezi mitatu niliandika habari za mpunga na mikutano ya kijiji, lakini sikuandika kwamba nikikojoa natoa damu, wala kwamba mkojo ulikuwa ukigawanyika mikondo miwili, mmoja ukienda zake kwenye kiatu. Huku kwetu Lusu mtu akikojoa damu hakuna anayeuliza mara mbili. Ni kichocho. Tumekulia kwenye majaruba ya mpunga, maji magotini, na karibu kila mwanamume amewahi kukiugua. Balozi wa nyumba kumi akaniondoa kwenye majaruba, akanipeleka kubangua karanga na wazee. Watu wakanipa pole. Nikameza dawa za kichocho mara mbili.

Na nikiri hapa: nilitaka kiwe kichocho. Kichocho hakimwaibishi mtu.

Kwenye tundu la mkojo kulikuwa na kinyama kimeota; nilikuwa nimeshakigusa, nisimwambie mtu.

Mganga wa zahanati alipoona damu haikomi na mkojo hauna mayai ya kichocho, aliniandikia barua niende hospitali Tabora. Daktari, mzee mwenye sauti ya upole, alipanua tundu kwa vidole, akamulika kwa kurunzi, akauliza, "Ndugu, hiki kinyama umekiona lini?"

Nikasema jana. Akanitazama. Nikasema tangu Agosti.

"Hiki si kichocho," akasema. "Ni masundosundo, yameota ndani ya njia ya mkojo. Ndiyo maana unatoa damu. Yanaambukizwa kwa kulala na mtu aliye nayo, na yanaweza kujificha miezi mingi."

Nikakumbuka mwaka niliokuwa nauza dukani kwa Mhindi pale mjini, kabla sijaoa, nikiishi mtaa wa Chemchem na kulala na huyu na yule kama mtu asiye na kwao.

Walinipima damu kama nina kaswende; sina. Wakanichoma sindano ya ganzi mahali ambapo sitaki kupaeleza, wakapitisha mrija mwembamba wenye taa kuangalia kama mengine yako ndani zaidi. Yalikuwa mawili tu, karibu na mlango. Wakayachoma kwa umeme. Siku za mwanzo nilikojoa huku nimeuma kola ya shati. Leo mkojo umetoka mkondo mmoja, umenyooka, bila damu, nami nikasimama nyuma ya nyumba nikicheka peke yangu.

Daktari aliniagiza nirudi baada ya mwezi, maana yanaweza kuota tena. Akaniambia pia nije na mke wangu apimwe, na mpaka hapo nisimguse. Hilo la mke ndilo lililonitia hofu. Kabula nimemwoa mwaka huu huu, na ni binti asiyependa kudanganywa.

Nimemwambia asubuhi hii, akichambua mchele. Nimemwambia yote, na Chemchem pia, kisha nikangoja anirushie ungo.

Aliweka ungo chini. Halafu akalia, na katikati ya kulia akaanza kucheka.

"Kumbe ulikuwa unaumwa," akasema. "Miezi mitatu unanipa mgongo, nikajua umejuta kunioa. Nimeshamwagizia kaka aje kutoka Ziba anichukue. Anafika Jumatano."

Nilikuwa nimebakiza siku tatu za kuwa na mke, na sikujua.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa kesho tunapanda basi nikapimwe. Usidhani sijakasirika, mwenzangu. Ya Chemchem tutayaongea tukirudi. Lakini hasira ya kukaa hapa ni nyepesi kuliko ile ya kuondoka."

"Na kaka yako?"

Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nitamwambia nilimwita aje atusaidie kulima."

Mimi naogopa safari ya kesho kuliko yeye. Je, ningekuwa mimi ndiye ninayeambiwa, ningecheka hivyo? Sidhani.

Mvua imepungua sasa. Natoka kumnolea shemeji jembe.