Saini ya Kumi na Moja

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umepoa kidogo, maana wifi aliniandikia kwamba tangu uanze kuponda kokoto hulali kwa ubavu wa kushoto. Mimi mwili ni mzima. Moyo ni habari nyingine, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, au ningelia.

Malalamiko yako yote matatu yalifika. Mimi ndiye ninayefungua barua za ofisi yetu ya misitu na kuzigonga mhuri. Kila mara nilimpelekea mkuu wetu, na kila mara aliniambia niyaweke kwenye faili, kwamba mpango wa kufunga misitu kwa ajili ya tabianchi umetoka juu, hausimamishwi kwa sababu ya mizinga arobaini ya nyuki. Nilijaribu kumweleza kwamba warina asali hawakati miti, kwamba moto ukizuka msituni ninyi ndio mliokuwa mkiuona kwanza na kuuzima kwa matawi mabichi. Alinisikiliza huku akitazama simu yake.

Kaka, nimechoka. Ukutani tuna bango la kuhimiza watu wabane matumizi ya umeme, na chini yake kiyoyozi kinanguruma kutwa hata chumba kikiwa kitupu. Ile mizinga ya kisasa mliyoahidiwa, ya kuweka nje ya msitu, bado imo stoo. Mmoja umegeuzwa meza ya birika la chai.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mpole. Nikamkabidhi malalamiko yako kabla mkuu hajaingia. Aliyasoma yote, kisha akaomba orodha ya mahudhurio ya mkutano wa kijiji, ule ambao ninyi mnasema hamkuuona. Akashusha kidole hadi namba kumi na moja, akaliona jina lako na saini yako, akauliza taratibu, "Huyu si alikuwepo, akakubali? Sasa analalamikia nini?"

Nilisimama pale na faili mkononi. Kisha nikaipokea orodha, nikairudisha ndani yake.

Umekuwa ukiniuliza ni mshenzi gani aliyeghushi saini yako. Ni mimi.

Siku ya mkutano gari letu lilikwama kwenye tope, likarudi. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Mkuu akasema mimi ni mwenyeji wa huko, watu nawajua, basi nijaze majina. Nilijaza thelathini na mawili, nikibadilisha kalamu na mwandiko. Saini yako ndiyo iliyokuwa rahisi. Baba alipofariki wewe ndiye uliyesaini ripoti zangu za shule, na muhula mmoja ulipokuwa msituni nilijisainia mwenyewe, mwalimu asigundue. Nilidhani ni karatasi ya kushibisha faili tu. Sikujua kwamba ndiyo itakayowafungia msitu. Wala sitajitetea kwamba niliogopa kufukuzwa, ingawa niliogopa.

Leo asubuhi nimeandika maelezo yote, nikampelekea mkaguzi nyumba ya wageni alikofikia. Aliyasoma mara mbili, akaniuliza kama najua yatakayonipata. Nikamjibu kwamba najua. Nakala nimeiweka humu ndani, na safari hii saini ni yangu mwenyewe. Amesema shauri lenu litasikilizwa Alhamisi ijayo, hapa ofisini. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, ila njoo na wenzako. Na ukiulizwa kama unamfahamu karani huyo, usinifiche. Sema ni mdogo wako.

Nisalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama usimwambie bado. Nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana. Nadhani nitakuwa nyumbani kabla mwezi haujaisha, na mizigo yangu yote.

Ni mimi mdogo wako, nisiyestahili kuomba radhi kwa karatasi,

Kiroboto