Muhuri kwenye Banda la Kuku

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wapwa zangu wote. Je, mguu wa shemeji umepona, au bado anausingizia asibebe ndoo hata baada ya pampu kufika? Mimi mwili mzima, ila roho haina raha.

Barua yako niliipata juzi. Umenishukuru kwa pampu, ukalisifu hata kasha lake, kwamba mbao nene namna ile hazitupwi, mmezifanya banda la kuku katikati ya miti ya baba. Eti watoto wameupaka rangi muhuri wangu ulio kwenye ubao mmoja ili kila mgeni ajue mjomba wao ndiye aliyeupiga. Halafu chini kabisa ukauliza, kama mzaha, mbona kuku wanaamka na unga mweupe migongoni, na mbona usiku mbao zinasikika kama zinatafunwa. Dada, hao ni wadudu walio ndani ya mbao.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Kasha la kusafirisha mizigo nje huingizwa kwanza chumba cha joto, mpaka moyo wa mbao ufike digrii hamsini na sita, likae humo nusu saa, wadudu wafe. Ndipo napiga muhuri. Sindano ya kipimajoto huchomekwa kwenye ubao mnene kuliko zote. Fundi mkuu alinionya siku ya kwanza kwamba anayeichomeka kwenye ubao mwembamba anajidanganya mwenyewe. Lakini mimi na ujuaji wangu! Lori linangoja, msimamizi anafoka, nikaichomeka kwenye ubao mwembamba kama kidole. Joto likapanda upesi, nikapiga muhuri makasha arobaini. Wenzangu wakaniita Bwana Chapuchapu, nami nikacheka nao.

Kasha moja kati ya hayo niliomba nikufungie pampu. Sijamwambia mtu, na mengine thelathini na tisa sijui yako wapi.

Lichome banda leo hii, Dada. Kuku walale jikoni. Kisha nenda kwenye miti iliyo karibu, ile tuliyopanga kuikata na kuiuza mwakani ili watoto wasome, uyapapase magome. Ukikuta matundu madogo ya duara, yahesabu uniandikie. Usinifiche, hata kama ni mti aliokupandia baba ulipozaliwa.

Nisalimie watoto. Ubao wenye muhuri wasikuombe wabaki nao, huo ndio uanze kuungua.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Chapuchapu