Mchanga Vuguvugu

Melini, 4 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje, na wale kuku wako hawajambo? Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, navaa soksi.

Safari hii tuna abiria arobaini, karibu wote wastaafu, watu wa darubini shingoni na kofia pana. Wamekuja kupumzika na kutazama viumbe. Asubuhi nyangumi, mchana sili waliojilaza ufukweni kama magunia, jioni ndege. Hakuna anayeharakishwa. Visiwa vyenyewe ni vilele vya volkano vilivyochomoza baharini. Havina watu, havina duka, havina mtandao, ndiyo maana nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Meli ya mboga inatukuta kila baada ya siku kumi hivi na kubeba barua hadi bandarini.

Kazi yangu ni ileile, mwongozaji. Nawashusha watu kwa boti, nawatembeza, nawarudisha. Penye ngazi ya boti kuna ubao wenye vibao vidogo, kila mtu na namba yake. Ukishuka unageuza chako upande mwekundu, ukirudi unakigeuza upande mweupe, na meli haing'oi nanga mpaka vyote viwe vyeupe. Kila mtu anatakiwa ageuze chake kwa mkono wake. Lakini wazee wangu, Mama! Huyu ana fimbo, yule mkono unamtetemeka, foleni inafika mpaka kwenye boti. Basi nawageuzia mimi. Wananipenda kwa hilo, hasa mmoja tunayemwita Babu Darubini, ambaye hasemi habari za asubuhi mpaka akuonyeshe ndege.

Chumbani nipo na mhudumu wa vyumba. Jina lake hapa ni Cheka, kwa sababu hata akijigonga kidole anacheka. Kila siku ananiomba nimwazime koti langu la kazi la rangi ya machungwa aone uongozaji unakaaje mwilini.

Jana tulishuka kisiwa kikubwa tunachokiita Chungu, kwa vile katikati kina shimo lenye ziwa. Mwaka jana mchanga wake ulikuwa baridi. Mwaka huu ni vuguvugu. Abiria walivua viatu wakazika miguu, wakasema haya ni mapumziko hasa. Nahodha amefurahi mpaka amewaahidi kuwarudisha tena.

Mwanao,
Kitinda


Nyumbani, 19 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba mwanangu. Barua imefika ikinuka samaki, nimeianika kwanza kabla ya kuisoma. Mimi sijambo, magoti yanauma yakitaka. Kuku wanataga vizuri isipokuwa wale wa banda la mwisho, wamenuna, sijui nimewakosea nini.

Nina mambo mawili. La kwanza, hivyo vibao. Watu wazima na akili zao wanashindwa kugeuza kipande cha mbao? Wewe ulizoea kumaliza kazi za wenzako tangu shule, na wenzako walifaulu wewe ukiwa unasafisha ubao. Acha kila mtu ageuze chake.

La pili, huo mchanga. Mimi sijasoma volkano, nimesoma kuku. Lakini hapa sakafu ya banda ikipata joto nisilolielewa naita fundi wa umeme, sivui viatu nikasema ni mapumziko. Hebu muulize huyo nahodha wako joto linatoka wapi. Na akikujibu kwa kicheko, mwulize tena.

Dada yako mkubwa angekuwepo angekuambia hivihivi. Tangu tumzike nimebaki na sauti moja tu nyumba hii, na ni yangu. Niandikie.

Mama yako


Melini, 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Natamani uwe mzima kuliko mimi. Mwili haujambo, moyo ndio umechoka.

Nimefanya kosa, na sijamwambia mtu mwingine. Juzi tulishuka Chungu mara ya pili. Watu walirudi kwa boti mbili, mimi nikiwa ya kwanza. Nilipofika kwenye ubao nikageuza vibao vya wazee wangu wote kwa mkupuo mmoja, hata wa boti ya pili, maana nilikuwa nawaona kwa macho wanapanda. Niliwaona wote isipokuwa mmoja. Ubao ukawa mweupe, saa nne tukaondoka. Saa saba tukakaa mezani, supu ikaletwa, na kiti cha Babu Darubini kikawa kitupu.

Tuligeuza meli, tukafika saa kumi. Tulimkuta ameketi juu ya mwamba, mzima, hata hakukasirika. Alikuwa amekwenda nyuma ya kilima kutazama viota vya membe, wale ndege weupe. Nilipomshika mkono nikaona soli za viatu vyake zimelainika, zimeacha alama kwenye mwamba. Akaniambia, "Binti, vifaranga wapo mia kadhaa, wanalia njaa. Wazazi wao hawapo. Hata mmoja hajarudi na samaki tangu asubuhi." Akaniambia pia kwamba ardhi ilinguruma mara tatu chini yake. Nilitazama ufukweni. Sili nao hawakuwepo.

Nilikwenda kwa Nahodha nikamwambia yote, na la kibao pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema volkano hunguruma kama tumbo, na kwamba watu hawa wamekuja kustarehe, si kutishwa. Tarehe 27 atawashusha tena Chungu kutwa nzima, na chakula cha mchana kitaandaliwa kandokando ya ziwa. Mwisho akasema, polepole kabisa, "Ukinyamaza, na mimi sijaona kibao. Ukianza kuwajaza abiria hofu, naandika ripoti, na leseni yako isahau."

Miaka mitatu nimeisomea leseni hii, Mama. Sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini Babu Darubini alinifuata baadaye akaniambia, "Tarehe 27 mimi nakutazama wewe. Ukishuka nashuka, ukikataa nakataa, na hawa wenzangu nitawakataza." Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Niseme au nisiseme? Nijibu haraka, meli ya mboga itatukuta tarehe 23.

Mwanao


Nyumbani, 14 Februari

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu nimeshindwa kuimaliza. Salamu nitakupa siku nikikuona.

Nisikilize. Kuku anaweza kuacha mayai kwa ujinga wake. Lakini hakuna mama anayewaacha vifaranga wanalia akaenda zake, labda awe amefukuzwa na kitu kikubwa kuliko yeye. Hapo mahali si pazuri. Usikanyage tena.

Unaniuliza useme au usiseme. Nakuambia usiseme. Ukisema, huyo mtu atakunyang'anya leseni na kukufungia hukohuko melini mpaka safari iishe. Yeye ndiye mwenye meli, wewe ni nani? Nani atamwamini binti aliyemsahau mzee wa watu kisiwani? Meli ya mboga ikija, jishike tumbo. Lia, tapika kama unaweza, sema ni kidole tumbo. Panda, shuka bandarini, tafuta meli ya kukuleta kwangu. Mdomo funga.

Najua utaniambia kuhusu hao wazee. Ni watu wazima, wamekula maisha yao, na wana watoto wao wa kuwalilia. Mimi nimeshazika mmoja. Sina mwingine zaidi yako, na sitaki kusikia ulikuwa shujaa. Shujaa simpikii chai.

Fanya ninavyokuambia. Hili si ombi.

Mama yako


Bandarini, 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema.

Barua yako ililetwa na meli ya mboga, nikaisoma chooni, nikatoka humo nimejishika tumbo. Sikuhitaji hata kuigiza sana. Nahodha alinitazama, akajua nakimbia, akatia sahihi ruhusa. Cheka ndiye aliyenifungia begi. Nahodha amempa uongozaji mpaka nirudi, kwa hiyo nilimvalisha koti langu mwenyewe, akazunguka chumba kizima akicheka na kuniuliza kama amependeza. Nikamwambia amependeza.

Kwenye ngazi Babu Darubini alinisubiri. Akaniuliza, "Niambie kweli. Ungekuwa mzima, tarehe 27 ungeshuka?" Nahodha alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Nikasema, "Ningeshuka." Akatabasamu, akanitakia nafuu.

Nimepanga chumba juu ya duka la nyavu. Meli ya abiria ya kuja huko ni tarehe 5. Sijalala.

Mwanao


Nyumbani, 1 Machi

Kitinda wangu wa moyoni,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nimepokea, nimeruka, magoti yamenisuta. Jirani kaniuliza nimeokota nini, nikamwambia nimeokota mtoto.

Umefanya vyema. Usijitese kwa hilo jibu ulilompa mzee. Mtu anayetazamwa na nahodha hajibu anavyotaka. Chumba chako nimekipaka rangi, ile ya maziwa. Godoro nimelitoa juani. Leseni ikipotea ipotee, banda la mwisho linahitaji msimamizi, na kuku hawaandiki ripoti. Utacheka, lakini naongea kweli. Tutaishi.

Leta soksi zote nizifue.

Mama yako

Nafungua bahasha tena. Redio imetangaza sasa hivi. Wamesema Chungu kimelipuka mchana wa tarehe 27, watu wakiwa kando ya ziwa wanakula. Wamesema ishirini na sita walishuka na hakuna aliyerudi. Ee Mungu wangu. Asante Mungu hukuwepo. Nimepiga magoti haya mabovu sakafuni na kusema asante, asante, asante. Njoo nyumbani.


Bandarini, 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Meli ya tarehe 5 imeondoka bila mimi. Nisamehe kwa kukuweka roho juu.

Ndugu zao wamekuja. Wamejaa nyumba ya wageni ya hapa chini, wanakaa kwenye viti wakiwa na makoti yao, hawali. Mke wa Babu Darubini amekuja na mabinti wawili. Mama yake Cheka amekuja peke yake, na anacheka vilevile kama mwanawe, anacheka na machozi yanamtoka. Alinishika mikono akanishukuru kwa koti. Kasema kwenye picha ya mwisho aliyopigwa melini mwanawe alipendeza. Mama, nilitaka ardhi inimeze.

Nahodha hakushuka siku ile, alibaki melini. Tume ya uchunguzi imeketi tayari, na yeye ameapa mbele yao kwamba hakukuwa na dalili yoyote, na kwamba hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwambia chochote. Kumbukumbu za meli hazina kitu. Waliosikia maneno ya Babu Darubini wamekufa naye. Nikisema mimi, ni neno langu dhidi ya lake, la mtu aliyekimbia kwa ugonjwa wa uongo.

Ila ipo barua yangu ya tarehe 2 Februari. Ina tarehe, ina mhuri wa posta, imeandikwa siku ishirini na tano kabla. Ndani yake yamo yote: vifaranga, ngurumo, soli za viatu, na maneno yake yeye. Naomba uitume kwa njia ya haraka. Tume itanisikiliza tarehe 3 Aprili.

Najua ina kosa langu la kibao. Waache walisome.

Mwanao


Nyumbani, 22 Machi

Mwanangu,

Natumaini unakula. Mimi sijambo kidogo.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Kisha nimeichukua ile ya tarehe 2 nikaitia jikoni chini ya birika, nikangoja mpaka ikawa majivu. Usinipigie kelele. Nakujua, ungekwenda mbele yao ukajifunga kitanzi mwenyewe. Wangesema ulijua. Wangesema ulimdanganya mzee uso kwa uso. Wangekufunga, na hao waliokufa hata mmoja asingeamka.

Sasa hakuna ushahidi na hakuna kesi. Wewe ulikuwa mgonjwa, ukashuka, basi. Kama ni dhambi, niandikie mimi, nitaibeba, nimeshazoea kubeba. Ukinichukia nichukie ukiwa hapa, mbele ya macho yangu.

Chumba kiko tayari. Njoo.

Mama yako


Bandarini, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua ulichofanya umekifanya kwa sababu unanipenda, na hicho ndicho kinachonifanya nishindwe kukuandikia kwa hasira. Nimejaribu mara nne.

Kuna jambo hukulikumbuka. Wewe ulikuwa na barua zangu. Mimi nina zako.

Ninayo ya tarehe 14 Februari. Humo umetaja vifaranga waliolia, umetaja leseni niliyotishiwa, umetaja mzee aliyesahaulika kisiwani, na posta imepiga mhuri siku kumi na tatu kabla ya watu kufa. Nimeisoma leo kwa sauti, peke yangu, ili nijue kama nitaweza kufika mwisho bila kusimama. Pale unaposema wamekula maisha yao na wana watoto wao wa kuwalilia, nilisimama. Watoto wenyewe watakuwa kwenye viti vya mbele.

Niliwaza kuikata kwa mkasi hapo. Lakini ikikatwa Nahodha atauliza kilichokatwa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kesho saa tatu asubuhi naisoma yote, Mama, mpaka sahihi yako.

Mwanao