Teleka wa Bukima Wameshuka

Dada Wegesa,

Pokea shikamoo ya mbali. Niko Bukima, shingo inauma kwa kutazama juu. Leo siku ya nne tangu nije kumtafuta teleka, yule ndege anayefanana na mbayuwayu ila hatui kwenye waya, anakula wadudu hukohuko angani. Ukiinua darubini, ameshapita.

Jana mchana nilijilaza kwenye mwamba. Mama Nyanjiga, mwenyeji wangu, alikuwa ameanika dagaa ufukweni. Akaniita: "Mtaalamu, wale ndege wameshuka chini. Ni teleka? Kama ni wao nianue, maana wakishukaga hivi mvua haikawii."

Dada, nilikuwa nimechoka. Hata darubini sikuinua. Nikamjibu, "Mbayuwayu tu hao, mama." Akaniamini, akaingia jikoni.

Haukupita muda, mvua ikatupiga. Tukakimbia kuokota dagaa kwenye mchanga, na hapo ndipo ndege wakatupita juu ya vichwa: mabawa kama mundu, doa jeupe juu ya mkia, mkia mfupi usio na panda. Teleka.

"Umewaona sasa?" akaniuliza, ndoo mkononi. Hakugomba. Ugali alinipa kama kawaida, ila tangu jana haniulizi tena habari za ndege.

Nimechukua ndoo moja ya zile dagaa zilizoloa, nakuletea Jumamosi. Zioshe sana, zina mchanga. Wabusu watoto, na wakiuliza kama mama yao mdogo amempata ndege wake, waambie amempata.

Mdogo wako,
Bhoke