Goti Langu Mapokezini

Shikamoo Mama! Huku Shinyanga jua linachoma, lakini sikio langu lililokuwa likiuma limetulia.

Leo hospitalini nilipiga goti mbele ya mama wa mapokezi ili nimwamkie, kama ulivyotulea huko Nyarugusu. Akashtuka: "Inuka, binti! Hapa hatutibu kwa kubembelezwa." Foleni nzima ikanigeukia. Nikabaki palepale chini, nikasema, "Shikamoo, mama," ndipo nikampa kadi yangu ya bima ya chuo. Akaitazama, akaangua kicheko. "Marahaba, mwanangu! Pita kwa daktari."

Nimesafishwa sikio, dawa nimepewa, na sikutoa hata shilingi.

Yule mbuzi uliyetaka kumuuza nitibiwe, mrudishe zizini. Mpe majani mabichi, mwambie Minza kamkomboa.

Mwanao anayekupenda,
Minza