Pita Katikati ya Ngazi

Nyakwara Adhiambo, mjukuu wangu,

Hapa Muhuru Bay tu wazima. Ng'ombe amezaa na omena tulizovua ziwani zinakauka vizuri juani. Shangazi yako anaandika ninayosema, nimemkataza kuyapamba.

Umesema ngazi za mawe za chuo chako huko ng'ambo zimelika katikati kwa nyayo za wanafunzi wa karne nyingi, waliosoma hata vita na tauni vikipita. Haki ya Mungu, watu hao nawaheshimu! Lakini wewe hupandia pembeni, ukijiona mgeni, na sasa unaniuliza kama urudi nyumbani.

Nilipoolewa nilikabidhiwa jiwe la kusagia, limebonyea kwa mikono ya wake waliokwisha kufa. Niliogopa, nikasagia mtama pembeni. Unga ukamwagika. Mama mkwe akacheka: "Wewe msichana, unawaogopa waliokurahisishia kazi? Saga katikati!" Nikasaga, na mkono ukatulia kama umezaliwa hapo.

Jiwe hilo bado liko jikoni. Limebonyea zaidi, na hapo palipozidi ni mkono wangu.

Basi acha kubana ukutani kama mwizi wa kuku. Pita katikati.

Ni mimi dani yako, ninayekupenda hata nikikufokea.