Aliyekuwa Akimjibu Baba

Rwezamenyo, Kigali

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nianze na mgongo wako, maana ulimwinua baba kitandani miezi miwili na sikuwahi kukusikia ukilalamika. Umepoa? Na shemeji, kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na leo nakueleza sababu.

Umenikumbusha mara tatu nichape meseji zangu kwa baba, zilizomo kwenye simu yake niliyoondoka nayo baada ya mazishi. Unataka uzisome siku ya arobaini, ukoo wote usikie jinsi mtoto wa mbali anavyomtunza mzazi. Dada, usizisome. Sikuziandika mimi.

Kazi zangu unazijua zote na zote umezicheka. Nilianza kwa kuchapa barua za watu kwenye steshenari pale Tabora, nikaenda Mwanza kukausha simu zilizotumbukia majini, kisha nikajifunza kuandika programu. Ya kwanza ilitunza alama za wanafunzi, nikafukuzwa kwa sababu mtoto wa mkuu wa shule naye alifeli humo. Hapa Kigali nimeandika programu inayowajibu wateja wanaouliza mizigo yao imefika wapi. Ina adabu kuliko mimi.

Baba alipougua akawa ananiandikia kila asubuhi, saa ileile bosi anayotaka ripoti. Basi nikachukua meseji zetu za zamani, nikaifundisha programu ninavyosema, utani wangu na shikamoo zangu, nikaiacha imjibu. Nilisema wiki moja tu, nimalize kazi. Mazoea yana taabu, dada. Wiki ikazaa wiki. Jioni nilipitia mbili tatu nikaridhika, na kila jibu zuri liliniondolea haja ya kupiga. Ulipopiga kuniambia baba kacheka kwa nilichomwandikia, nilicheka nawe, wala sikujua nimeandika nini.

Mama mwenye nyumba wangu nilimwonyesha nikijisifu. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Sasa mzee wako iko naongea na nani?" Nikamjibu anaongea na mimi, maneno si yangu? Akaendelea kuanika nguo zake.

Baada ya mazishi nimezisoma zote kwa mara ya kwanza. Mara nne aliniuliza nakuja lini, na mara nne akajibiwa kazi ni nyingi kidogo, Mungu akipenda. Kisha asubuhi moja akauliza kama namkumbuka mbuzi wetu mweupe. Programu ikamjibu, "Nitamsahau vipi baba, alivyokuwa mtundu." Sisi tulifuga mbuzi lini, dada? Alikuwa anapima. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu, akawa anasalimu tu.

Meseji ya mwisho ni ya siku mbili kabla hajafariki. Naiandika kama ilivyo: "Wewe unayenijibu, ahsante kwa adabu yako. Ukimwona mwanangu mwambie nilimngoja." Ikajibu papo hapo: "Sawa baba, usijali. Ugua pole."

Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Angeweza kukuambia, hakukuambia. Alinisitiri aibu yangu akaenda nayo kaburini. Hilo ndilo linaloniua, dada. Nalia kazini mbele za watu, na wanadhani ni msiba wa kawaida.

Sikuombi unisamehe haraka. Arobaini nakuja, na nitawaambia mwenyewe mbele ya wote. Ukiona nisiingie ndani, nitakaa uani na waosha vyombo.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo aliyeshika jeneza upande ambao ungekuwa wangu kama ningewahi. Shangazi mkubwa mwambie namshika miguu. Wanao wawili wabusu, lakini usiwaambie bado mjomba wao alifanya nini.

Ni mimi mwenyewe,
mdogo wako,
Idrisa